Marudisho yanapopunguza mazao ya mnara wa methili asetati

SWALI: Ninaandaa modeli ya mnara unaounganisha mmenyuko na ukenekaji, ambamo asidi asetiki huingia juu na methanoli chini, kisha hutoa methili asetati na maji. Nimechukulia kwamba mmenyuko hufikia msawazo (hali ambayo kwenda mbele na kurudi nyuma vinalingana) katika kila trei, yaani kila sahani ya ndani ya mnara ambamo mvuke na kimiminika hukutana. Nikiongeza kimiminika kinachorudishwa kutoka kileleni, asidi inayobadilika hupungua. Je, modeli ina kasoro?

JIBU: Upungufu huo peke yake si kasoro. Katika ukenekaji wa kawaida marudisho makubwa huboresha utengano, lakini hapa kinachorudi ni methili asetati yenyewe, ambayo ikishuka kwa wingi hadi kwenye trei za mmenyuko huzimua asidi na methanoli na kusukuma mmenyuko kinyumenyume. Marudisho yakiwa machache mno nayo huharibu utengano, kwa hiyo kiwango bora kipo katikati.

Ninachotilia shaka ni dhana yako ya msawazo. Konstanti ya msawazo wa mmenyuko huu, yaani namba inayolinganisha mazao na malighafi kwenye msawazo, ni takriban 5, hivyo katika mchanganyiko wa moli sawa ndani ya chombo kilichofungwa, karibu asilimia 70 tu ya asidi hubadilika. Mnara huvuka kikomo hicho kwa sababu mazao huondolewa kadiri yanavyotokea. Hata hivyo mmenyuko huhitaji kichocheo, kama asidi ya salfuriki, na muda wa kutosha ndani ya kimiminika. Tumia mlinganyo wa kasi, uuzidishe kwa ujazo wa kimiminika kilichopo kwenye trei, kisha uongeze ujazo huo maradufu: matokeo yasipobadilika, msawazo unakubalika, yakibadilika, umekuwa ukiusifu mnara kupita uwezo wake.

Kabla ya hapo, zima mmenyuko kabisa na uchunguze data za mvuke na kimiminika, eneo ambalo wengi hulipita haraka. Methili asetati na methanoli huunda azeotropu, yaani mchanganyiko ambao mvuke wake una uwiano uleule na kimiminika chake, inayochemka karibu nyuzi 54 za Selsiasi, chini ya viowevu vyote viwili. NRTL au UNIQUAC yako (milinganyo ya kukadiria jinsi vimiminika mchanganyiko vinavyogeuka mvuke) isipoionyesha, usiendelee. Aidha, molekuli za asidi asetiki hushikana mbilimbili katika mvuke hata kwenye shinikizo la kawaida la hewa, hivyo usichukulie mvuke huo kuwa gesi bora, yaani gesi ambayo molekuli zake hazivutani.

Ukikwama katika ukokotoaji, anza bila mmenyuko, halafu pandisha kasi yake kidogokidogo. Rudia ukianzia makadirio tofauti, kwani minara ya aina hii inaweza kuwa na hali thabiti (hali isiyobadilika kadiri muda unavyopita) zaidi ya moja kwa pembejeo zilezile.