Mkojo wa rangi ya chai: maswali yenu kuhusu misuli na figo

Shikamoo daktari. Nina miaka 24. Juzi nilirudi jimu baada ya mwaka mzima, tukashindana kuchuchumaa na kuinuka hadi mara mia tatu. Sasa mapaja yamevimba, ngazi sishuki, na leo asubuhi mkojo umetoka kama chai ya rangi. Nikinywa maji utaisha?

Marahaba. Usisubiri uishe. Nenda hospitali leo hii, na useme mambo yote mawili, misuli na mkojo.

Msuli una protini yake ya kutunzia oksijeni, mayoglobini, hiyohiyo inayoifanya nyama iwe nyekundu. Msuli ukiumizwa na kazi usiyoizoea, protini hiyo humwagika kwenye damu, figo huichuja, na mkojo hubadilika rangi. Vijia vya figo ni vyembamba mno. Ukiwa umepungukiwa maji, mayoglobini huganda humo na kuviziba, kama machicha ya nazi kwenye chujio la tui, na chuma kilichomo ndani yake hujeruhi kuta za vijia. Huku nyuma, misuli iliyovimba inavuta maji kutoka kwenye damu, hivyo figo zinapata damu pungufu wakati zina kazi kubwa.

Watakupima CK, kimeng'enya cha misuli. Kwa kawaida huwa chini ya mia chache. Ikipita 5,000 figo ziko hatarini. Tiba kubwa ni dripu ya maji ya chumvi, tena mapema.

Nakuomba sana: usipitie duka la dawa kununua diklofenaki. Najua ndiyo inayokimbiliwa kila mwili ukiuma, lakini inapunguza damu inayoingia kwenye figo, na wewe sasa hivi huna ya kupunguza.

Mkojo wa mume wangu ulikuwa wa kahawia. Kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha damu nyingi, lakini kwenye hadubini hawakuona seli za damu. Maabara walikosea?

Hawakukosea, na aliyechukua muda kuangalia hadubini amefanya kazi nzuri. Kile kitambaa kidogo cha njano kwenye kijiti hugeuka kijani kikikutana na hemoglobini ya damu au mayoglobini ya misuli, hakijui kuzitofautisha. Kijiti kikisema damu na hadubini ikakataa, ama seli nyekundu zimepasukia ndani ya mishipa, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa wa malaria kali, ama misuli imeumia. Tazama chupa ya damu ikishatulia: maji ya juu yakiwa na wekundu, fikiria seli zilizopasuka. Yakiwa ya njano kama kawaida, fikiria misuli.

Mdogo wangu, mchimbaji, alifukiwa miguu na kifusi kwa muda wa saa sita. Tulipomtoa alikuwa anaongea, akaomba maji, tukampa. Hazikupita dakika thelathini akafariki. Wazee wanasema yale maji ndiyo yaliyomuua.

Pole sana, ndugu yangu. Maji mliyompa hayakumuua. Waambie wazee hivyo, na wewe mwenyewe uamini.

Sikuwepo, lakini unavyoeleza, nadhani ni hivi. Miguu ikibanwa muda mrefu, misuli hufa na kuachia potasiamu nyingi. Kifusi kikiwa juu, sumu hiyo imefungiwa hukohuko. Kikiondolewa, damu inarudi, inaichukua na kuipeleka moyoni, na moyo unaweza kusimama ghafla kwa mtu aliyekuwa akiongea. Anayevuka hapo bado hubakiwa na hatari ya figo. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, watafiti wa tiba Bywaters na Beall waliandika habari za watu wanne waliotolewa kwenye vifusi, kisha figo zao zikashindwa, wakafa.

Kwa hiyo kama mhudumu wa afya yupo na mshipa unafikika, dripu ianze mtu akiwa bado amebanwa, kabla ya jiwe kuinuliwa. Migodi ya wachimbaji wadogo ingestahili kuwa na maji hayo ya dripu karibu na shimo, pamoja na mtu anayejua kuyaweka.

Mama anatumia dawa ya kolesteroli. Nimesikia inaharibu misuli. Aache?

Asiache bila daktari wake. Madhara makubwa kiasi hicho ni nadra. Ila akiandikiwa klarithromaisini kwa kifua au koo, ataje dawa hiyo ya kolesteroli, maana zikikutana hatari huongezeka. Maumivu ya misuli yenye udhaifu, au mkojo mweusi, arudi siku hiyohiyo.

Dada yangu alipata kifafa mfululizo, mkojo ukawa mweusi, sasa anasafishwa damu. Ni maisha yote?

Mara nyingi si maisha yote. Mashine inamtolea potasiamu na maji yaliyozidi wakati figo zinajitengeneza, na wengi huachana nayo ndani ya wiki kadhaa au miezi michache. Mpimieni kiasi cha mkojo kila siku na mkiandike kwenye daftari. Ukianza kuongezeka, mwonyesheni daktari wake.