Maswali ya Wasomaji: Tanzia za Bitcoin na akiba ya kikoba

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu ana daftari alimoorodhesha wataalamu waliotangaza kwamba Bitcoin, sarafu ya kidijitali, itakufa, na kila tunapokutana hunisomea majina yao. Husema kwamba kwa kuwa wote walikosea, hakuna tena sababu ya kuogopa, na sasa ananihimiza nitoe mgao wangu wa kikoba tuinunue pamoja. Sina hoja ya kumjibu. Je, orodha kama hiyo inathibitisha nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mjomba wako hajabuni kitu. Tovuti ya 99Bitcoins imekusanya tanzia hizo, yaani matangazo ya kifo cha Bitcoin, kwa miaka mingi, ikiandika tarehe ya kila moja na bei ya siku hiyo, na idadi yake imepita 400. Ya kwanza kabisa ni ya Desemba 2010, wakati Bitcoin moja haikufikia hata robo ya dola ya Marekani.

Ninachokushauri ni kuzitazama tanzia hizo moja moja, kwa sababu hazilingani. Mnamo Septemba 2017 Jamie Dimon, mkuu wa benki ya JPMorgan Chase, aliiita Bitcoin utapeli na kusema kwamba mwisho wake hautakuwa mwema. Bei ilikuwa kama dola 4,000. Desemba mwaka huohuo ilikaribia dola 20,000, watu wakasema amekosea. Lakini Desemba 2018 ilikuwa imeporomoka hadi dola 3,000 na ushei, chini ya bei ya siku aliyosema, na wale waliomsikiliza wakajiona wameokoka. Kwa kuwa hakutaja mwezi wala kiwango, hukumu juu yake inategemea siku unayochagua kufungua daftari, na kauli ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa utabiri.

Kauli ya Kenneth Rogoff, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, ni tofauti. Mnamo Machi 2018 alisema kwamba katika miaka kumi Bitcoin ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa dola 100 kuliko dola 100,000. Hapo kuna muda na kuna kiasi, kwa hiyo inapimika, na Desemba 2024 bei ilipovuka dola 100,000 kipimo kilikuwa wazi kwa kila mtu. Agosti 2025 alijitokeza hadharani akaeleza alikokosea, ikiwemo kudhani kwamba Marekani ingeweka udhibiti wa maana mapema. Namheshimu kwa hilo, kwa maana wengi waliomo katika orodha ya mjomba wako hawakurudi tena kuzungumzia walichoandika.

Kosa linalojirudia katika tanzia nyingi ni kuchanganya duka na bidhaa. Soko la kuuzia Bitcoin la Mt. Gox la Tokyo lilipofilisika Februari 2014, na soko jingine la FTX lilipoanguka Novemba 2022, waandishi wengi waliona sarafu yenyewe imekwisha. Mwishoni mwa Novemba hiyo, bei ikiwa karibu dola 17,000, wachumi wawili wa Benki Kuu ya Ulaya waliandika kwamba utulivu wake ulikuwa pumzi ya mwisho kabla ya kusahaulika. Wateja wa masoko hayo walipata hasara kubwa mno, lakini mtandao wa Bitcoin hauendeshwi na kampuni moja, na kompyuta zinazoutunza ziliendelea kuandika kumbukumbu za malipo, kila baada ya dakika kumi hivi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Hata hivyo, daftari la mjomba wako lina mapengo makubwa. Halina watabiri wa upande wa pili: John McAfee, mfanyabiashara wa programu za kulinda kompyuta, alisema Bitcoin ingefika dola milioni moja kabla ya 2020 kwisha, nayo ikafunga mwaka huo ikiwa kama dola 29,000. Wala halina sarafu zilizokufa kweli. TerraUSD, iliyoahidiwa kubaki na thamani ya dola moja daima, iliporomoka pamoja na sarafu mwenzake, Luna, mnamo Mei 2022, na wapo waliokuwa wameonya kabla. Maonyo hayo hayasomwi kwa sababu hakuna anayetunza daftari la waliopatia.

Pengo linalokuhusu wewe ni kubwa kuliko hayo. Kutoka Novemba 2021 hadi Novemba 2022, Bitcoin ilishuka kutoka karibu dola 69,000 hadi chini ya dola 16,000. Haikufa, na kila aliyeitabiria kifo mwaka huo alikosea. Lakini mzazi aliyeinunua Novemba 2021 kwa bei hiyo ya juu, akatakiwa kulipa ada ya shule mwezi huo wa mwisho, angekuta zaidi ya robo tatu ya akiba yake imeondoka. Fedha za kikoba zina mwezi wake wa kutumika, na orodha ya tanzia haikuambii lolote kuhusu bei ya mwezi huo.

Kwa hiyo usibishane na mjomba kuhusu majina aliyoyaandika. Mwombe kwa heshima achukue ukurasa mpya, aandike bei anayotarajia katika mwezi utakaouhitaji mgao wako, aandike na kiasi ambacho yeye mwenyewe atakurudishia ikiwa bei itakuwa chini ya hapo, kisha atie sahihi.