Mbinu za utafiti wa ikolojia: hicho kitabu kirudishe rafuni

Mkuu, umeuliza kama ununue kitabu hicho cha kufundishia darasa lako mbinu za utafiti wa ikolojia. Usikinunue. Uliposema unakitaka kwa sababu kimejaa misimbo ya R, ile programu ya takwimu, na modeli za takwimu za kila aina, mwili ulinisisimka. Ndicho kigezo nilichotumia nilipokabidhiwa darasa la uzamili.

Aliyeniponza ni mkubwa wangu kazini: "Wape uchambuzi, usanifu wa utafiti wataujulia porini." Yeye mwenyewe pori analionea dirishani.

Basi darasa likaiva kwa modeli. Mwanafunzi wangu akaenda kulinganisha wadudu wa msitu ulioungua na wa msitu ambao haukuungua. Kwadrati (vipande vya mraba vya kupimia) 30 huku, 30 kule, p ikatoka ndogo, yaani tofauti ilionekana si ya bahati tu, mpaka tukapongezana. Mtahini wa nje akauliza swali moja tu: "Misitu iliyoungua ni mingapi?" Mmoja. Ambayo haikuungua? Mmoja. Kwisha habari. Kwadrati 30 ndani ya msitu mmoja si marudio 30 ya moto. Umepima msitu uleule mara 30. Tofauti ile huenda ililetwa na udongo, mwinuko au unyevu, na moto unasingiziwa. Hapo modeli haiokoi kitu, kwa sababu kilichokosekana ni misitu mingine. Tasnifu ikarudishwa, na msimu wa kukusanya data ulishapita. Mimi msimamizi nilikuwa naangalia dari kama fundi aliyeitwa kuikagua.

Na si siri! Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliyaandika haya mwaka 1984 katika jarida la Ecological Monographs. Alipitia tafiti 176 za majaribio, akakuta marudio bandia, yaani kosa hilihili la kuhesabu vipimo vya sehemu moja kama marudio, katika 27%; kwa zile tu zilizotumia vipimo vya takwimu, ni 48%. Angalau nilikosea na umati.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa yaliyomo. Marudio, unasibishaji (kugawa kwa bahati nasibu) na kundi la ulinganisho vinakuja kabla ya anova, kile kipimo cha takwimu cha kulinganisha wastani wa makundi, au vimebanwa kwenye kurasa chache mwishoni? Vikiwa mwishoni, achana nacho hata kiwe kinasifiwa vipi. Gotelli na Ellison kwenye A Primer of Ecological Statistics wameweka sehemu nzima ya kusanifu majaribio kabla ya sehemu ya uchambuzi. R wanafunzi wako wataipata popote, miongozo ya bure imejaa mtandaoni.

Uliuliza na habari za toleo jipya au la zamani. Hilo wengine watakujibu. Wewe wiki ya kwanza wagawie makala ya Hurlbert, kisha kila mmoja asimame aseme anarudia nini na mara ngapi. Atakayejibu "kwadrati 30", usimsainie fomu ya kwenda porini.