Mzee asipeleke mkojo maabara Jumatatu

Ahirisha. Umeuliza kifaa gani cha kupimia aseniki, ile sumu, kwenye maji ya kisima chenu cha Kitengela, kinauzwa pesa ngapi, na kama nywele zinafaa kupimwa. Halafu mwishoni ukataja tu kwamba mnarudi kutoka Mombasa Jumapili na kesho yake mzee anapeleka mkojo upimwe aseniki. Wiki nzima Pwani! Ameshakula kamba, pweza na samaki wa bahari, na majibu yatawavuruga nyote.

Sisi yalituvuruga. Mama alipimwa baada ya likizo kama hiyo, karatasi ikarudi na jumla ya aseniki iliyopita kikomo kwa mbali sana. Tukafunga kisima, tukawa tunanunua maji ya lori. Kibaya zaidi, ndugu zangu walimshuku dada wa kazi aliyekuwa akimpikia mama kwamba anamtilia sumu, wakamfukuza usiku ule ule. Alikuwa hana kosa lolote, na mpaka leo hapokei simu zetu. Yule wa mapokezi kwenye maabara nilimuuliza wazi kama kuna chakula cha kuepuka, akanijibu, "Hiki si kipimo cha sukari." Mtu analipwa kukaa pale na hajui hata swali la kwanza la kumuuliza mgonjwa! Hasira hiyo haijanitoka.

Viumbe wa baharini wana asenobetaini, aina ya aseniki ambayo mwili hauitumii wala haudhuriki nayo, unaitoa tu kwa mkojo. Mlo mmoja unaweza kupandisha jumla hadi mikrogramu mia kadhaa kwa lita, hata zaidi ya 1,000, wakati asiyekula vya baharini kwa kawaida huwa chini ya 50. Mashine ya maabara inayoitwa ICP-MS huivunjavunja sampuli ndani ya plazima ya agoni yenye joto la maelfu ya digrii, kisha huhesabu atomi. Ni kama kondakta anayehesabu vichwa kwenye matatu bila kujua nani ni nani. Aseniki ya kamba na ya kisima zote zinatoka kama atomi zenye uzito wa 75, basi.

Kwa hiyo siku nne kamili bila chochote cha baharini, mwani pia usiuguse. Na msikubali kipimo cha jumla peke yake: ombeni aina zitenganishwe kwa kromatografia kabla ya kuingia kwenye mashine, ili aseniki isokaboni (ile yenye sumu ya kisimani), pamoja na MMA na DMA ambazo mwili huigeuza kuwa, zisomwe kila moja mbali na asenobetaini. DMA nayo inaweza kutokana na vyakula vya baharini, ndiyo maana kutenganisha hakuondoi zile siku nne. Maabara ikisema haifanyi hivyo, waulize sampuli wanaituma wapi. Wakibabaika, ondokeni.

Damu msihangaike nayo, aseniki huondoka humo ndani ya saa chache.

Maji ni rahisi zaidi, kikomo cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita. Ila yakiwa na chuma nyingi, chupa itiwe asidi ya nitriki mapema, la sivyo kutu itajitenga na kuteremka chini pamoja na aseniki, na mtasomewa kidogo kuliko iliyomo.

Wapigie maabara leo. Mkishuka treni Syokimau Jumapili, mzee ale sukuma na maharagwe, apimwe Ijumaa.