Usikubali mfereji wa brasi upimwe kama chuma

Ami yangu alikuwa fundi wa mifereji hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipofariki alituachia magunia matatu ya vitu alivyong'oa kwenye nyumba za watu: mifereji, valvu, bawaba, vitasa. Gunia la kwanza nililiuza wiki hiyo hiyo. Mnunuzi wa skrapu alilitia mizani akasema, "Hivi vyote ni chuma tu, dadangu," nami nikapokea pesa. Baadaye fundi aliyekuwa akifanya kazi na ami akaniuliza gunia la mifereji liko wapi. Nilipomwambia, alinyamaza kitambo. Karibu vyote vilivyokuwamo vilikuwa brasi, ile shaba ya manjano, na kilo ya brasi hununuliwa kwa bei mara kadhaa ya kilo ya chuma.

Magunia mawili yaliyobaki niliyamwaga uani, nikakaa nayo kitu kimoja kimoja.

Anza na sumaku; hata ya spika mbovu yatosha. Kikinata, ni chuma, hata king'ae vipi. Kisiponata usifurahi mapema, kwani zinki, aluminiamu na stenlesi nyingi pia hazinati. Hapo chukua tupa ukwaruze mahali pasipoonekana, mpaka uipite ile ngozi ya kromu. Ukiona wekundu, ni shaba nyekundu, ambayo wanunuzi huiita kopa. Umanjano ni brasi. Ukiona weupe wa kijivu kwenye mfereji uliokuwa unang'aa, mara nyingi ni zinki.

Rangi ikinitatiza, nageukia maji. Napima kitu kwa mizani ya jikoni, kisha naweka bakuli la maji juu ya mizani ile ile na kuirudisha kwenye sifuri. Nakifunga kitu uzi, nakitikisa majini hewa itoke, nakiacha kining'inie bila kugusa bakuli. Uzito wa kwanza naugawa kwa gramu zinazosomeka sasa. Mfereji mmoja ulikuwa gramu 425, majini ukasoma 50: jibu 8.5, brasi. Mwenzake, umbo lile lile na mng'ao ule ule, ulikuwa gramu 330, nao ukasoma 50: jibu 6.6, zinki. Kopa hukaribia 8.9, chuma 7.8, aluminiamu 2.7. Lakini ng'oa kwanza vishikio vya plastiki na mipira, la sivyo hesabu itakudanganya.

Kuving'oa kuna faida nyingine. Brasi yenye skurubu za chuma na mipira ndani huhesabiwa chafu, na bei yake hushuka. Jioni mbili za bisibisi na koleo zililipa vizuri kuliko nilivyotarajia. Nyaya, usizichome ili kutoa plastiki: moshi wake ni sumu, na kopa iliyoungua hushushwa daraja. Zichune kwa kisu.

Katika gunia la tatu nilikuta mita ya maji. Hiyo sikuiuza. Mita, hata ikiwa imekufa, ni mali ya kampuni ya maji, na mwili wake wa brasi usikutie tamaa. Hapa Kenya tuna sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka mnunuzi awe na leseni. Muulize leseni yake, na umwombe risiti.

Nenda na uzito wako umeandikwa, kila aina kwenye mfuko wake. Mnunuzi akiona umetenganisha, mazungumzo huanzia mahali pengine.

Kuna vitu ambavyo hata bei ya brasi ni hasara. Chini kabisa ya gunia palikuwa na njumu za mlango wa kale, vile vichwa vya brasi vilivyochongoka, pamoja na komeo na pete yake. Vitu hivi havipimwi kwa kilo. Vipeleke kwa seremala wa milango ya nakshi au anayekarabati nyumba za Mji wa Kale, na usivisugue kwanza: ule weusi wa miaka ndio anaoutafuta.