Jumamosi tuko mwaloni: maswali yenu kuhusu wanafunzi kufanya kazi za mtaani

Tangu nieleze kwamba madarasa yangu ya baiolojia hapa Mwanza yanatoka kwenda kufanya kazi za mtaani na kuziunganisha na silabasi, maswali yamekuja mengi, mengine ya wazazi wenye hasira kidogo, na nashukuru maana mzazi anayeuliza ni mzazi anayefuatilia. Leo najibu saba, yaliyobaki mengi yanafanana na haya.

*Mama wa Buhongwa: Mwalimu, mwanangu yuko fomu foo, Novemba ana mtihani wa taifa. Kila Jumamosi anaaga anaenda mwaloni Kirumba na wenzake kupima dagaa. Hivi dagaa ndo watampa divisheni wani? Naona mda unapotea tu.*

Mama yangu, wasiwasi wako naujua, na mimi nina wa fomu tuu nyumbani. Ila naomba nikuelezee walichokuwa wanafanya, maana inawezekana alivyorudi alisema tu "tulikuwa mwaloni" akakimbilia sahani.

Pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha mzigo, kuna akina mama wanaanika dagaa chini kwenye mchanga. Mnunuzi akija anachukua dagaa mmoja anamtafuna hapohapo, mchanga ukilia kwenye meno bei inashuka, na mwenye dagaa hana la kusema. Sasa mama mmoja ndo alituuliza, sio sisi tuliomuuliza: hivi nikianika juu ya chanja mchanga unapungua kweli au ni maneno tu? Nikalipeleka swali lake darasani kama lilivyo. Watoto wakachukua dagaa wabichi waliotoka kwenye mtumbwi mmoja, nusu wakaanika mchangani, nusu kwenye chanja ya nyavu kuukuu, walipokauka wakapima uzito sawa kila upande, wakaosha kila fungu kwenye beseni, wakaacha maji yatulie, wakamwaga taratiiibu, ule mchanga uliobaki chini wakaukausha kwenye kifuniko cha sufuria wakaupima kwa mizani ya maabara. Wiki ya kwanza kazi yote ikaharibika. Kijana mmoja alioshea mafungu yote kwenye beseni moja bila kulisuuza, kwaiyo mchanga wa fungu la kwanza ukahesabiwa kwenye la pili, na wenzake ndo waliogundua maana majibu hayakuingia akilini. Wakarudia Jumamosi iliyofuata.

Mama, mimi maana ya kontroo, yani lile fungu la kulinganishia kwenye jaribio, nimeifundisha ubaoni miaka mingi, wanaandika, wanakariri, baada ya wiki mbili imeshatoka. Yule kijana haitamtoka maisha. Na karatasi ya vitendo ya baiolojia na ya kemia inataka mikono na macho ya namna hiyo, mtu anayejua kwanini unabadilisha kitu kimoja tu vingine unaviacha vilevile.

Majibu yalipotoka, mchanga wa chanja ulikuwa wa kufutika kwa kidole, wa chini ulikuwa fungu la kushika. Tukafurahi sana, tukampelekea yule mama, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, haya, chanja moja ni shilingi ngapi, nguzo, nyavu, misumari, na nitairudisha hela yangu baada ya magunia mangapi? Kimyaaa. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, hata mimi. Swali likaenda kwa mwalimu wa bukukipingi na ndo wanalo mpaka sasa.

Ila kwenye mda nakubaliana na wewe nusu. Fomu foo wanaenda saa 2 mpaka saa 5 asubuhi tu, na kuanzia Agosti nawatoa kabisa wakae na vitabu. Kama mwanao anarudi saa 10 jioni basi mengine hayo sio ya kwangu, muulize vizuri.

*Mwanafunzi wa Igoma: Shikamoo mwalimu. Sisi shuleni tunalima shamba la shule na kila mwezi tunafagia zahanati. Si ndo hiyohiyo?*

Marahaba mwanangu. Bado sio hiyohiyo, ila mmekaribia.

Wazo lenyewe hapa kwetu sio geni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya maisha ya watu waliozunguka na mtoto asitoke pale akidharau kazi za mikono. Mwaka 1974 hapo jirani Musoma likatoka azimio ambalo pamoja na mambo mengine lilitaka mtu afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Watu walikuwa serious na jambo hili. Kilichotuangusha sehemu nyingi ni kwamba jembe lilibaki, kufikiri kukaondoka. Mtoto analima tuta, hajui mbegu ni aina gani, hajui mavuno yalikuwa gunia ngapi wala pesa ilienda wapi, na akichelewa namba anaongezewa tuta lingine kama adhabu. Hapo tukawafundisha watoto kwamba kazi ni adhabu, na mimi hilo linaniuma mpaka leo maana nililelewa hivyohivyo.

Sasa nyie zahanati mnaifagia, sawa. Mkienda mwezi huu muombeni mganga au nesi awaambie kitu kimoja kinachomsumbua, labda akina mama wanafika asubuhi sana wanakaa juani masaa. Hesabuni watu kila saa, choreni grafu, rudini nayo darasani mjadili kwanini iko hivyo, alafu mpelekeeni. Ufagio msiuache. Ukiwa na swali kabla ya kazi, na baada ya kazi ukakaa ukaandika umeona nini na kinaendana vipi na ulichosoma, hapo ndo panaanza kuwa kujifunza.

*Mwalimu wa Sengerema: Mimi ni wa hesabu. Haya mambo naona ni ya baiolojia na jiografia, sisi tunaingilia wapi?*

Mwalimu mwenzangu, wewe una magugu maji mlangoni! Gugu hili lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 80, na likipata hali nzuri linaweza kujizidisha mara mbili kwa wiki mbili hivi. Anza na mita moja ya mraba. Wiki ya 2 ni mbili, ya 4 ni nne, wiki ya 20 tayari ni mita 1,024, na wiki ya 26 ni 8,192, umeshapita uwanja wa mpira mzima. Hizo si ndo progresheni za fomu thrii? Waambie wavuvi wakueleze wanaanza kuyaona mwezi gani na yanaziba wapi, wanafunzi wapige hesabu ni lini kundi la watu 30 lingeweza kuyaondoa kwa mikono na ni lini wameshachelewa. Alafu wapime kilo moja ya gugu bichi wakalianika, waone linabaki kiasi gani, maana sehemu kubwa sana ni maji, na kila anayefikiria mbolea au mkaa wa magugu lazima aanzie hapo. Kazi ya kuyatoa ziwani waachie watu wazima, jibu la chini huko linaeleza kwanini.

*Mwanachuo, Malimbe: Kikundi chetu tulienda mtaa mmoja wa mlimani kufundisha kunawa mikono, tukabeba mabango na sabuni. Wamekuja watu tisa na watoto. Tulikosea wapi?*

Mdogo wangu, pole, na usikate tamaa. Nikuulize kitu, ule mlima mliupanda mkiwa na ndoo ya maji kichwani? Kule juu kwenye mawe nyumba nyingi maji yanapandishwa kwa kichwa, ndoo ya lita 20, ngazi za mawe, tena kuna mda yanatoka usiku. Mama aliyepandisha ndoo mbili anajua kunawa mikono kuliko bango lenu, anachopigia hesabu ni maji anawe au apikie. Mngekaa kwanza na mwenyekiti wa mtaa na akina mama wawili watatu mngetoka na swali tofauti kabisa, pengine la kibuyu chirizi, kile kidumu cha kuning'iniza cha kunawia, kinachotumia maji kidogo.

Nami nimepitia hapo. Mwaka mmoja nilipeleka darasa zima kusafisha kingo za mto Mirongo, tukajaza mifuko, tukapiga picha, tukaimba njia nzima. Mvua ikanyesha siku mbili, tukarudi, taka zimejaa kama hatujawahi kufika. Mzee mmoja mwenye kibanda cha vocha akaniambia, mwalimu mmeosha mdomo, tumbo liko kule juu. Tukaanza kuufuata mtaro kwenda juu, Jumamosi baada ya Jumamosi, watoto wanaweka alama kwenye ramani kila mahali taka zinapoingilia, na tukakuta sehemu kubwa zinatoka kwenye vichochoro ambavyo gari la taka haliwezi kupita. Tungemuuliza yule mzee siku ya kwanza tungeokoa wiki nyingi.

Mmarekani mmoja, Robert Sigmon, ambaye ni kati ya waliolipa jambo hili jina la service-learning, yani kujifunza kwa kuhudumia, kule kwao miaka ya 60, mwaka 1979 aliandika kanuni tatu na ya kwanza ni kwamba wanaohudumiwa ndo wanaoamua wahudumiwe nini. Mimi hiyo nimeibandika kwenye ukuta wa maabara. Kwenye ripoti yenu andikeni ukweli kwamba walikuja tisa na kwanini, lekchara wenu akiwa na busara hiyo ndo ripoti atakayoipa maksi.

*Baba wa Ukerewe: Mwalimu mimi naogopa maji. Mtoto akipata kichocho, au mtumbwi ukizama, nani atajibu?*

Baba yangu, uko sahihi kuogopa, na mtu wa Ukerewe aliyeiona Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama, hahitaji kufundishwa na mtu yeyote kuhusu ziwa hili. Kwangu sheria ni mbili na hazina mjadala. Hamna mwanafunzi kupanda mtumbwi kwa ajili ya kazi ya shule, na hamna mwanafunzi kuingiza mguu ziwani.

Hiyo ya pili watoto huwa wanaibishia, wanasema mwalimu tunaoga humu kila siku. Ndo maana nawafundisha palepale ufukweni wakiwa wamesimama nchi kavu. Mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi cha mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka humo vikiwa lava wadogo ambao hauwaoni, wanatafuta ngozi ya mtu na dakika chache tu zinawatosha kupenya. Vidonge vya praziquantel wanavyopewa shuleni, wakipimwa urefu kwa ile fimbo ya kukadiria dozi, vinaua minyoo mikubwa iliyomo mwilini ila havizuii kuambukizwa upya, kwaiyo mtoto anayemeza leo kesho akarudi kuoga ziwani anaanza upya. Kitu kimoja watoto walikipenda wakakipeleka nyumbani: maji ya ziwa ukiyaacha kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, bila konokono ndani, wale lava wanakuwa wameshakufa na unaweza kuogea. Kunywa bado lazima uchemshe. Binti mmoja alimshawishi bibi yake akanunua pipa la pili, moja linatulia lingine linatumika.

Na kabla ya kutoka mzazi anasaini barua, mwenyekiti wa mtaa anajua tunakuja, na walimu tunakuwa wawili. Akikosekana mmoja, safari hamna.

*Mwanafunzi wa Nyakato: Hizi kazi zina maksi?*

Zina maksi, ila sio za kubeba taka. Maksi ziko kwenye daftari, yani uliona nini, ulidhani nini kabla, na umebadilisha mawazo wapi. Daftari lililoandikwa "tulienda tukafanya usafi tukarudi" nalirudisha.

*Mama mchuuzi, mwaloni: Nyie na wanafunzi wenu mnakuja mnatuuliza maswali, mnaandika, mnatupiga picha, mnaondoka. Ripoti sisi hatujawahi kuiona. Tunafaidika nini?*

Shikamoo mama. Hili swali limenikaa kifuani wiki nzima, na kwanza nakuomba radhi kwa niaba ya wote tuliokuja tukachukua tukaondoka.

Tumejiwekea utaratibu, na ukituona tunauvunja tufukuze. Hatuji alfajiri mitumbwi inaposhusha mzigo maana hiyo ndo saa yenu ya pesa. Picha hapigwi mtu hajaulizwa. Na majibu yanarudi ndani ya wiki mbili, kwa mdomo, palepale kwenye chanja, na wanaoyaeleza ni wanafunzi wenyewe. Mara ya mwisho alisimama binti ambaye darasani hata jina lake anaitikia kwa kunong'ona, akaanza kwa Kiswahili, akaona bibi mmoja hafuati, akageuza Kisukuma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mezani ana vile vifuniko viwili vya sufuria, kimoja na mchanga kingine karibu kitupu, anawapitishia washike. Wale mama wakashika, wakacheka, alafu wakaanza kubishana naye kitaalamu kweli. Mmoja akamwambia mmepima kiangazi nyie, kiangazi kila mtu anakausha, njooni masika, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo dagaa wanaoza mikononi na hapo ndo tunapolia. Binti akaandika hilo kwenye daftari akalipigia mstari mara mbili.

Kwaiyo masika tunarudi mama, na beseni mbili safari hii. Wabeja sana, yani asante sana, na kama una swali lako mwenyewe tofauti na hilo la mvua, mwambie huyo binti, ni mjukuu wa yule bibi anayeuza karibu na mzani.