Odita mmoja kwa wanunuzi wote, inawezekana?

SWALI: Habari mhariri, sisi ni kikundi cha wakulima wa mishiri (french beans) huku Kirinyaga, mzigo unaenda Uingereza na Uholanzi. Kila mnunuzi anatuma odita wake, maswali ni yaleyale tu ya dawa, maji na vyoo, na bili ni yetu. Hakuna njia ya kukaguliwa mara moja?

JIBU: Iko, na hata maduka ya huko yalichoka na hiyo kitu zamani, ya Ulaya yakaanzisha kiwango cha kilimo bora EUREPGAP 1997 (ndiyo leo GLOBALG.A.P.), ya Uingereza yakatoa kiwango cha usalama wa chakula cha BRC (chama chao cha wenye maduka) 1998, halafu 2000 ikaja GFSI (mpango wa kimataifa wa usalama wa chakula) ambayo yenyewe haikagui mtu, inapima viwango kama hivyo ili cheti kimoja kikubalike na wengi. Nyinyi ombeni cheti cha GLOBALG.A.P. cha kikundi, gharama mnagawana, ila lazima muwe na mfumo wenu wa kukagua kila mwanachama kila mwaka, na mmoja akipuliza dawa ovyo anaweza kuwaponza wote, so chagueni watu vizuri. Supamaketi zingine bado zitaongeza masharti yao juu, mi naona ni usumbufu tu. Kabla hamjalipa, kila mnunuzi aseme kwa maandishi anakubali cheti gani.